Nafasi Tupu za Mraba wa Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Agosti 1986

Imekwama tena. Mara ya tatu leo. Nimeweka disketi, nimeandika amri ya kupanga, nimekaa na chai yangu mpaka ikapoa, halafu mashine ikaandika kwamba kumbukumbu imejaa na ikaacha kila kitu. Ningekuwa na nyundo ningeivunja kioo.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Mbuga imegawanywa miraba kwenye ramani. Nina madaftari ya doria ya miaka mitano: tarehe, mraba, jina la askari aliyeongoza doria. Nina fomu za mizoga ya ndovu: tarehe, mraba, dume au jike, pembe zipo au zimeng'olewa. Daktari, mkubwa wa mradi wetu, anataka vyote vipangwe kwa mraba, kisha kwa tarehe, aone nani alikuwa wapi ndovu walipouawa. Mistari elfu tisa. Kompyuta tuliyoletewa kutoka Nairobi inameza nusu yake, halafu inatapika.

Leo nimeingiza mizoga hamsini na miwili. Uso umekatwa kwa shoka. Uso umekatwa kwa shoka. Mkonga umetupwa kando. Jike na ndama wake. Ndama hana pembe ila naye amepigwa risasi. Nilikuwa nikiandika huku nakula mahamri. Zamani nilikuwa siwezi.

Upepo wa Voi hauna adabu. Vumbi jekundu mpaka ndani ya printa. Disketi nimezifunga kwenye leso.

Jumanne, 5 Agosti

Nimegawa faili vipande viwili. Kila kipande kimepangika vizuri. Kuviunganisha ndiko kulikoleta balaa. Disketi ilijaa katikati na kipande cha pili kikapotea chote. Nilitukana kwa Kidawida, lugha ya kwetu, mpaka Daktari akachungulia mlangoni. Yeye ni mtu wa bara, hakuelewa. Afadhali.

Saa saba mchana alikuja Wakesho, mdogo wangu. Amejitanda khanga mpaka kwenye nyusi. Niliivuta. Jicho la kushoto limefunga, na chini yake kuna alama ya bizimu ya mkanda, unaona kabisa pembe zake nne. Ni Mwadime, mume wake. Sababu ni kwamba maji ya kuoga yalikuwa ya vuguvugu. Mkono aliomvunja mwezi wa tano bado haujanyooka sawasawa, na sasa jicho.

Mwadime ni askari wa doria hapa hapa. Asubuhi hupita dirishani kwangu na kunisalimia, shemeji hujambo. Hunisalimia kwa heshima sana.

Wakesho ameniomba nisimwambie mama kule Ronge. Sijamwambia.

Nataka Mwadime afe. Sisemi augue, au ahamishwe. Afe. Naandika wazi kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeiweza.

Anayejaza madaftari ya doria ni Sajini, na Sajini ni mvivu wa kalamu. Doria moja huchukua siku nne au tano, kila siku mraba mwingine. Siku ya kwanza anaandika jina la kiongozi kwa ukamilifu. Siku zinazofuata anaweka dito, vile vidoto viwili, maana yake kama hapo juu. Kambi nzima inaandika hivyo. Mimi nilikuwa nikirudia jina lote kila mstari. Kazi ya punda, na ndiyo iliyokuwa ikiijaza mashine.

Basi nimefuta. Palipo na dito kwenye daftari, nimeacha nafasi tupu kwenye faili. Faili likapungua sana. Programu yetu ya takwimu ina amri ya kujaza nafasi tupu kwa jina lililo juu yake, kwa hiyo nitapanga kwanza, kisha nijaze. Nimeanza kupanga saa tano. Disketi imelia kama mawe ya kusagia mpaka saa tisa na nusu, kisha kimya, kisha mistari yote elfu tisa ikatokea, mraba wa kwanza juu, wa mwisho chini. Nilipiga meza kwa ngumi. Hakuna mtu mwingine Voi nzima anayeweza kufanya hivi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimejaza nafasi tupu. Dakika chache tu. Nimepiga chapa na kuweka orodha ya doria kando ya orodha ya mizoga.

Mraba wa kumi na saba, ule wa upande wa mto, ndio wenye mizoga mingi kupita yote. Nikateremsha kidole. Mwadime. Mwadime. Mwadime. Ukurasa wa pili wote ni Mwadime. Kila walipoanguka ndovu pale, jina lake liko pale, siku ile ile au siku moja kabla.

Nilifurahi. Sikuuliza swali hata moja. Nilizikunja karatasi nikampelekea Daktari zikiwa bado zina joto la printa.

Daktari alivua miwani. Mwezi wa sita majangili waliwavizia askari wetu wawili kwenye mraba huo huo. Mmoja alirudishwa ndani ya turubai iliyofungwa kamba pande zote, na mama yake alikatazwa kuifungua. Tangu siku hiyo kambi inatafuta nani anayewapasha majangili habari. Daktari alishika simu na kumwita Sajini mbele yangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamemchukua asubuhi, akinyoa ndevu, sabuni ingali usoni. Wakesho alikuja kwangu bila viatu. Hakulia. Aliniuliza kama ni kweli. Nilimwambia mashine haina shemeji, inasema iliyoambiwa.

Akakaa kitandani kwangu akalala mchana kutwa. Sijamwona akilala hivyo tangu aolewe.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Nimeimba kwa sauti kuliko kawaida.

Jumatatu, 11 Agosti

Stoo ya kambi iko nyuma ya ofisi yetu. Ukuta ni wa mabati. Asubuhi ilikuwa kiboko, nilikihesabu mpaka nikachoka. Baadaye ilikuwa kitu kizito, kama mchi ukipiga gunia. Mwanzoni alikuwa akipiga kelele na kusema maneno. Kufika adhuhuri yalikuwa hayana maneno tena. Karani mwenzangu aliongeza sauti ya redio. Walikuwa wakicheza rumba.

Sajini alitoka kunywa maji. Mikono ya shati ameikunja juu ya viwiko, kifua kimerukiwa na vidoa. Ametulia kabisa, kama mtu aliyekuwa akipasua kuni. Mmoja wa wanaompiga ni Kombo, kaka wa yule aliyeletwa kwenye turubai. Huyo hatoki hata kunywa maji.

Sajini aliniomba nakala nyingine ya ukurasa wa pili, wamwonyeshe. Nilipiga chapa. Nilimpa. Jioni aliirudisha kwa sababu ni karatasi ya ofisi. Ina alama ya kidole gumba, nyekundu, juu ya tarehe.

Nilikuwa nadhani nitafurahi wiki nzima.

Jumanne, 12 Agosti

Daktari anataka nakala safi ya kupeleka Nairobi Alhamisi. Nimeikagua mstari kwa mstari, rula mkononi.

Mraba wa kumi na saba, tarehe 24 Mei, Mwadime. Ndovu watatu. Tarehe ilinikaa vibaya. Nikaifikiria, nikaiacha, nikairudia. Halafu nikatoa daftari hili kwenye mkoba na kufungua nyuma. Mwandiko wangu mwenyewe:

"Jumamosi, 24 Mei. Ronge. Mwadime amekuja na wazee wawili na mbuzi kuomba radhi kwa mkono wa Wakesho. Mama amepokea. Mimi nimekataa kumpa mkono. Amekaa mbele yangu tangu asubuhi mpaka jua likashuka, na nimemtazama muda wote."

Hakuwa mbugani. Alikuwa kwa mama yangu, amekalia kigoda, anakunywa chai yetu.

Nikachukua daftari la doria. Tarehe 24 Mei, mraba wa kumi na saba: vidoto viwili. Tarehe 23, mraba wa kumi na tano: vidoto viwili. Tarehe 22, mraba wa kumi na mbili: Mbogho, jina kamili. Ilikuwa doria ya Koplo Mbogho.

Nilikaa na daftari mapajani. Nikaona yote mara moja.

Dito ina maana ikiwa mstari wa juu yake ni ule ule ulioandikwa juu yake daftarini. Mimi niliichanganya mistari kwanza, nikaipanga kwa miraba, ndipo nikaiambia mashine ijaze majina kutoka juu. Juu ya kila nafasi tupu sasa palikuwa na mtu mwingine. Mwadime huanza doria zake mraba wa kumi na saba, ni karibu na kituo chake, kwa hiyo pale jina lake huandikwa kamili. Wenzake hupita pale siku ya pili au ya tatu, kwa vidoto. Vidoto vyao vyote vikageuka Mwadime. Nimempa siku za watu wote.

Kosa si la mashine. Ni langu. Mtoto wa darasa la saba angejua kujaza kwanza ndipo apange.

Nyuma ya ukuta walikuwa wakiendelea.

Nilinyamaza. Nilizipanga karatasi vizuri, nikafunga ofisi, nikaenda nyumbani mtaa wa Sofia, nikapika ugali na mchicha, nikala wote nikamaliza. Nilijiambia kwamba kesho nayo ni siku. Nilijiambia pia kwamba kufikia kesho huenda haitakuwa na haja.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefika ofisini saa mbili. Nimekaa. Nilikuwa nimeamua: siku moja zaidi, na Wakesho yuko huru. Sitajifanya nilikuwa na mawazo mengine.

Saa nne walimtoa nje. Sikumtambua mpaka nilipoona kaptula ya sare. Walitaka aseme pembe zimefichwa wapi. Alisema hajui. Kombo akamshika mkono wa kulia, akauweka kwenye fremu ya mlango wa stoo, ule wa chuma, na askari mwingine akaufunga mlango. Kisha wakaufungua, wakaufunga tena.

Alimwita mama yake. Mtu mzima yule, aliyempiga mdogo wangu kwa ajili ya maji ya kuoga. Alimwita mama kama anavyoitwa na watoto wote, na sauti ilikuwa ile ile ya Wakesho siku mkono wake ulipokuwa ukiungwa.

Nikawasha mashine.

Faili ambalo halijapangwa lilikuwa bado kwenye disketi ya kwanza, kwa utaratibu wa daftari, mwaka kwa mwaka. Nimelikata vipande vitano, kila mwaka kipande chake, ili kumbukumbu isijae. Kwa kila kipande nimejaza nafasi tupu kwanza. Nimekagua mistari ishirini kwa daftari. Kisha nimepanga. Mwaka wa tatu ulikwama, disketi ina kovu la vumbi. Niliifuta kwa pindo la gauni, nikaomba, ikasoma. Umeme ulikatika saa saba na kuondoa mwaka wa nne. Nikaurudia. Hata nikiandika amri ya herufi nne nilikosea.

Saa tisa nilikuwa na orodha tano. Mraba wa kumi na saba: Mbogho, Kombo, Mwadime, Mbogho, Sajini mwenyewe, Kombo. Hakuna mtu aliyezidi mwenzake. Hakuna kitu pale. Hakijawahi kuwepo.

Daktari alisoma, akasema ameshapiga simu Nairobi na jina wanalo. Akasema tungoje, tulitazame jambo hili kwa utulivu. Akaniuliza kama ninaelewa nitakuwa nimejiweka wapi. Nilichukua karatasi zangu mezani kwake na kutoka.

Nilienda stoo mwenyewe. Harufu ya mkojo na damu na mafuta ya taa. Mwadime alikuwa sakafuni, ubavu mmoja juu, mkono umefungwa gunia. Nilimfungulia Sajini daftari la doria mwezi wa tano, nikaweka kidole kwenye vidoto, kisha nikamfungulia hili langu, ambalo hakuna mtu aliyewahi kulisoma.

"Dito ni zako, Sajini," nikamwambia. "Kosa ni langu. Siku hiyo alikuwa Ronge kwa mama yangu."

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Akapitisha kidole juu ya vidoto vyake mwenyewe.

"Karatasi uliileta wewe, dada," akasema. "Sisi tuliisoma tu."

Kombo alinizaba kofi. Nilianguka juu ya magunia. Akainua mkono mara ya pili, Sajini akamzuia. Kombo akakaa chini pale pale, akafunika uso, akalia kwa mara ya kwanza tangu amzike kaka yake. Nami sikulia. Nilimshika Mwadime kwapani, Sajini miguu, tukampakia Landrova.

Ijumaa, 15 Agosti

Hospitali. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimekatwa, viwili vilivyobaki havikunjiki. Mbavu mbili. Sikio moja halisikii.

Hakuna aliyeomba radhi. Sajini amemwambia mashine iliharibika. Mwadime amekubali. Ameninong'oneza ahsante, shemeji, amesikia ni mimi niliyeirekebisha. Nilikuwa nimebeba uji. Niliuweka chini nikatoka nje, nikasimama uani mpaka nilipoweza kurudi. Sikumwambia. Mimi ni mwoga, hilo nalo liandikwe.

Daktari ametoa amri kwamba tangu leo majina yaandikwe kamili kila mstari. Sajini alipiga saluti. Nimeliona daftari la jana. Amekwisha weka dito.

Jumapili, 31 Agosti

Baada ya ibada nilipita kwa Wakesho. Alikuwa kizingitini na ungo wa pojo, anachagua mawe. Jicho limepona, limebaki rangi ya njano kidogo chini. Nilikaa kando yake nikaanza kuchagua nami.

Nilimwambia yote. Orodha, nafasi tupu, tarehe 24 Mei. Nilimwambia pia kwamba nilijua Jumanne, nikamwacha apigwe, nikasema Jumatano, saa tisa. Nikangoja anipige au anifukuze.

Aliendelea kuchagua. Alitupa jiwe uani, akatupa jingine.

"Ulingoja siku moja tu, dada?" akasema.

Sauti ya chini, bila kuniangalia.

Mwadime alikuwa kwenye kigoda chini ya mpapai, bandeji mpaka kwenye kiwiko. Alinisalimia kwa heshima kama zamani. Daktari wa hospitali amemwambia aufanyishe mazoezi mkono wa kushoto, na anafanya kwa bidii. Kikombe anashika. Jembe anainua. Wiki iliyopita Wakesho ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo na mkanda kama mtoto. Leo alivua mkanda mwenyewe, akauvaa, akauvua tena, kwa kushoto, mara nne au tano, na kila mara alikuwa mwepesi zaidi. Alitabasamu kutuonyesha.

Wakesho aliacha kuchagua akautazama mkono ule. Niliutazama pia.

Nilitoa ufunguo wa pili wa chumba changu nikauweka kwenye ungo, katikati ya pojo. Hakuuliza ni wa nini. Aliuokota, akaufunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili, akaendelea na kazi yake.